Namna ya Kuchagua, Kutunza na Kumimina Barolo ya Jadi Ukiwa Uganda

Chupa ya Barolo inapowekwa rafuni Kampala huwa imekwisha kuishi miaka mingi kuliko chupa nyingi zilizo jirani nayo. Sheria ya Italia inaitaka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, ikihesabiwa kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na kati ya miezi hiyo 18 lazima ipite ndani ya pipa la mbao. Baada ya hapo husafiri baharini hadi Mombasa, ikapakiwa kwenye lori na kupita mpaka wa Malaba, safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 1,100. Mtu anayeinunua kwa fedha ambazo zingemnunulia mbuzi, akaizibua saa moja jioni na kuinywa papo hapo, atakutana na kinywaji kikali kinachokausha ulimi na kukaza ufizi, na ataondoka akiamini kwamba amepunjwa. Kilichompata ni haraka. Mvinyo huu hutengenezwa kwa kungoja, na saa chache za mwisho za kungoja huachiwa mnunuzi mwenyewe. Nimehudumia mvinyo hotelini Kampala kwa miaka mingi, nimeona chupa nzuri zikiharibiwa na joto na nyingine zikiharibiwa na pupa, na mwongozo huu nauandika ili msomaji ajue namna ya kuipata Barolo iliyotengenezwa kwa njia ya jadi, kuilinda na joto letu, na kuipa muda unaostahili.

Mahali inapotoka

Barolo ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la mvinyo. Ni kijiji kidogo katika vilima vya Langhe, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu na mji wa Alba ulio kando ya mto Tanaro. Milima ya Alps imeizunguka nchi hiyo upande wa magharibi na kaskazini, na siku za anga safi theluji yake huonekana kutoka mashambani. Mashamba yanayoruhusiwa kutoa Barolo yamo katika vijiji 11. Vitatu kati yake, yaani Barolo, Castiglione Falletto na Serralunga d'Alba, vimo ndani ya mpaka huo kwa ukamilifu, na vingine, kama La Morra, Monforte d'Alba, Novello na Verduno, vimo kwa sehemu ya ardhi yake. Mizabibu hupandwa kwenye miteremko ya vilima iliyo kati ya mita 170 na mita 540 juu ya usawa wa bahari, nayo miteremko inayotazama kaskazini hairuhusiwi. Kwetu Kampala tunaishi kwenye mita 1,200 hivi, lakini wao wako mbali sana kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo mzabibu wao hulala usingizi kamili wakati wa baridi na kuamka majira ya kuchipua. Mwaka wa shamba lao una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, tofauti na migomba yetu inayozaa mwaka mzima.

Zabibu ni ya aina moja tu, Nebbiolo, na sheria hairuhusu kuichanganya na nyingine. Wengi husema jina hilo limetokana na neno la Kiitaliano la ukungu, nebbia, kwa kuwa zabibu hii huchelewa kuiva na huvunwa mwezi wa Oktoba, wakati ukungu unapojaza mabonde ya Langhe asubuhi; wengine hulihusisha na unga mweupe unaofunika tunda likiiva. Ngozi yake ni nyembamba na rangi yake si nzito, na jambo hili huwashangaza wanaoiona mara ya kwanza, kwa sababu macho yanaona mvinyo mwepesi, mwekundu wa kufifia, ilhali kinywa kinapokea tanini nyingi na ukali wa uchachu. Tanini ni ile ile inayokausha kinywa unapokunywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ndani ya Barolo tanini ndiyo uti wa mgongo wa mvinyo wote, na ndiyo inayouwezesha kuishi miaka 20, 30 na hata zaidi.

Udongo nao una maneno yake. Upande wa La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, mfinyanzi uliochanganyika na chokaa una rangi ya kijivu-buluu, nao hutoa mvinyo laini zaidi na wenye kunukia mapema. Upande wa mashariki, Serralunga na Monforte, udongo ni wa zamani zaidi na mgumu zaidi, na mvinyo wake huwa mkali, mzito wa umbo, unaodai subira kubwa. Ukijua hilo tu, umekwisha kupata ufunguo wa kwanza wa kuchagua: chupa ya kunywa ndani ya miaka michache itafutwe upande wa La Morra, nayo chupa ya kumwekea mtoto aliyezaliwa mwaka huu itafutwe Serralunga. Mandhari yote hayo ya mizabibu, pamoja na maeneo jirani ya Roero na Monferrato, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014.

Maana ya neno jadi

Hapa naomba msomaji asiende mbio, kwa maana ndipo tofauti ya chupa na chupa inapolala.

Anayejua namna tonto, pombe yetu ya ndizi, inavyotengenezwa hatahitaji kufundishwa sana. Ndizi zilizoivishwa humenywa, hukanyagwa au kukamuliwa pamoja na nyasi hadi maji yake yatoke, kisha maji hayo humiminwa ndani ya mtumbwi wa mbao, huongezewa mtama uliokaangwa na kusagwa, na mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba. Kesho yake au keshokutwa tonto iko tayari, na isiponywewa upesi huwa siki. Kuna mbao, kuna chachu inayofanya kazi gizani, na kuna mzee anayeweka sikio kwenye majani kusikiliza kama inachemka. Mtengenezaji wa Barolo wa jadi hufanya mambo yanayofanana na hayo, ila kipimo chake cha muda ni kingine kabisa.

Zabibu zikisha kupondwa, maganda yake huelea juu ya maji yanayochachuka na kufanya tabaka nene ambalo Waitaliano huliita kofia. Kwa njia ya kale, kofia hiyo huzamishwa chini kwa mbao zinazopangwa juu yake ndani ya tangi, ikaachwa humo siku 30, 40, wakati mwingine 60, ili maganda yatoe tanini, harufu na rangi polepole. Kisha mvinyo huhamishiwa katika mapipa makubwa yanayoitwa botti, yenye uwezo wa lita elfu kadhaa kila moja, yaliyotengenezwa kwa mbao za mwaloni ambazo kwa desturi hutoka Slavonia, eneo la Kroatia, ambalo wengi hulichanganya na nchi ya Slovenia. Pipa la namna hiyo hutumika kwa miongo mingi. Kwa kuwa ni kubwa na la zamani, haliupi mvinyo ladha ya mbao. Kazi yake ni kuuruhusu upumue kidogo kidogo, hewa ikipenya kwenye nyuzi za mbao kwa kadiri ndogo sana, hadi tanini zishikane na kulainika.

Katika miaka ya 1980 vijana wa Langhe waliamua kwamba njia hiyo ni ya polepole mno na kwamba soko la dunia halikuwa na subira nayo. Walipunguza siku za maganda zikawa chache, wakatumia matangi yanayozunguka, na wakanunua mapipa madogo mapya ya Kifaransa ya lita 225 yanayoitwa barrique, ambayo hutia ladha ya vanila na mkate uliochomwa. Mwaka 1983 Elio Altare wa La Morra alichukua msumeno wa mashine na kuyakata mapipa makubwa ya baba yake. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, mzee wa kijiji cha Barolo aliyefariki mwaka 2005, aliyechora kwa mkono lebo yenye maneno "No Barrique, No Berlusconi", akikataa kwa pumzi moja pipa dogo na Silvio Berlusconi, mwanasiasa aliyewahi kutawala Italia. Leo ugomvi umepoa, na watengenezaji wengi wamesimama katikati: siku za maganda zimerudi kuwa nyingi na mapipa makubwa yamerudi kwenye maghala. Hata hivyo mimi bado ninapendelea upande wa Mascarello, kwa sababu ladha ya mbao mpya ninaweza kuipata katika mvinyo wa nchi yoyote, ilhali harufu ya waridi lililokauka, lami, cheri, majani makavu na uyoga iliyomo ndani ya Barolo ya jadi siipati kwingine.

Kwa historia kidogo: hadi karne ya 19 mvinyo wa vilima hivi mara nyingi ulibaki na utamu, kwani zabibu zilichelewa kuvunwa na baridi ikaizima chachu kabla haijamaliza sukari. Sifa ya kuugeuza kuwa mkavu ilipewa kwa muda mrefu Mfaransa Louis Oudart. Watafiti wa siku hizi wanamtaja zaidi Paolo Francesco Staglieno, aliyefanya kazi katika mashamba ya Camillo Benso di Cavour huko Grinzane. Cavour huyo alikuwa meya wa kijiji hicho akiwa kijana, na mwaka 1861 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyounganishwa.

Kusoma lebo

Tazama kwanza shingo la chupa. Barolo ilipata daraja la DOC, yaani jina la asili linalosimamiwa na sheria, mwaka 1966, na daraja la juu la DOCG, yaani jina la asili linalosimamiwa na kuthibitishwa, mwaka 1980, na chupa yoyote ya DOCG hubandikwa ukanda wa karatasi ya serikali wenye namba yake ya pekee, ukipita juu ya kizibo au kifuniko. Ukanda ukikosekana, ukiwa umechanika na kubandikwa upya, au namba ikiwa haisomeki, iache chupa hiyo mahali ilipo. Chupa nyingi, ingawa si zote, huwa na mabega mapana na neno Albeisa lililoinuka kwenye kioo chenyewe. Ukipitisha kidole utalihisi. Ni umbo la kale la Alba ambalo watengenezaji walilifufua mwaka 1973.

Kisha tafuta mwaka wa mavuno. Kwa hesabu ya miezi 38, zabibu zilizovunwa mwaka 2019 hazikuweza kuuzwa kama Barolo kabla ya tarehe 1 Januari 2023. Neno Riserva likiwepo, hesabu ni miezi 62. Miaka haifanani: 2010 na 2016 inasifiwa kwa mizani yake na kwa uwezo wa kuishi muda mrefu, 2014 ilikuwa ya mvua na baridi ikatoa mvinyo mwepesi, na 2017 ilikuwa ya joto na ukame ikatoa mvinyo unaofunguka mapema. Mnunuzi wa hapa asiogope mwaka 2014, maana mikononi mwa mtengenezaji mwangalifu chupa ya mwaka huo hunywewa mapema bila majuto, na mara nyingi bei yake huwa nafuu.

Tangu 2010 lebo inaweza pia kubeba jina la kilima au shamba mahususi, na majina hayo ni yapata 170. Utakutana na Cannubi, Brunate, Bussia, Villero, Monprivato, Ginestra, Vigna Rionda na mengine. Usilipe ziada kwa ajili ya jina la kilima kabla hujamjua mtengenezaji. Barolo isiyo na jina la shamba, iliyochanganywa kutoka miteremko kadhaa, ndiyo desturi ya kale zaidi, na Mascarello aliishikilia hadi mwisho.

Ujadi wenyewe utausoma mara nyingi kwenye lebo ya nyuma. Maneno ya kutafuta ni botte grande, yaani pipa kubwa, na rovere di Slavonia, yaani mwaloni wa Slavonia. Ukiona barrique, elewa kwamba pipa dogo limetumika, hata kama ni kwa sehemu tu. Miongoni mwa majina yanayofahamika kwa kushika njia ya kale ni Bartolo Mascarello, Giuseppe Rinaldi, Giacomo Conterno, Giuseppe Mascarello, Cavallotto, Brovia na Burlotto. Huyu wa mwisho, aliyeko Verduno, zabibu za shamba lake la Monvigliero hukanyagwa kwa miguu zikiwa na vikonyo vyake, kama tunavyokanyaga ndizi. Baadhi ya majina haya ni ghali kupita kiasi na hayafiki huku ila kwa bahati.

Kwa hiyo nitasema wazi: anayeanza asinunue Barolo kwanza. Atafute chupa iliyoandikwa Langhe Nebbiolo, ambayo hutoka vilima hivyo hivyo na huuzwa ikiwa bado changa, au Barbaresco, dada wa Barolo anayetoka upande wa pili wa Alba, katika vijiji vya Barbaresco, Neive na Treiso, ambaye sheria humtaka miezi 26 tu. Ushirika wa Produttori del Barbaresco, ulioanzishwa mwaka 1958 na padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, pamoja na wakulima 19, hutengeneza Nebbiolo kwa mapipa makubwa na kwa bei ya haki. Sisi tuliokulia karibu na vyama vya ushirika vya kahawa tunaelewa vizuri kazi ya namna hiyo: mkulima mwenye shamba dogo hupata jina kubwa bila kuiuza ardhi yake.

Dukani

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Barolo katika duka moja mjini ambalo rafu yake ya mvinyo ilikabiliana na dirisha la magharibi. Jua la alasiri lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye mabega ya chupa. Niliiona hatari hiyo kwa macho yangu, nikajidanganya kwamba kioo ni cheusi na kitatosha kuukinga mvinyo. Nilipoifungua nyumbani nilikuta kizibo kimesukumwa juu kama unene wa shilingi, upande wake umelowa hadi juu, na ndani hapakuwa na waridi wala cheri. Palikuwa na harufu ya zabibu kavu zilizopikwa na rangi ya kahawia isiyolingana na umri wake. Fedha zilikwisha kwenda.

Tangu hapo ninafuata utaratibu huu na ninaupendekeza. Pitisha kidole gumba juu ya kifuniko chembamba kinachofunika kizibo: kizibo kikiwa kimeinuka, mvinyo umepikwa na joto. Zungusha kifuniko taratibu. Kikikataa kabisa kuzunguka, huenda mvinyo umevuja na kukigandisha. Inua chupa kwenye mwanga uone mvinyo umefika wapi shingoni. Kwa chupa changa unatakiwa uwe ndani ya shingo, usiwe umeshuka begani. Muulize muuzaji chupa ililetwa lini na ilihifadhiwa wapi, na uombe ile iliyolala kwenye katoni ghalani badala ya ile iliyosimama kwenye mwanga kwa ajili ya maonyesho. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakasirika.

Kuihifadhi nyumbani

Mvinyo huu hupenda nyuzi joto 12 hadi 14, giza, utulivu na unyevunyevu kidogo. Kampala haitoi hayo bure. Mchana wetu hupanda hadi nyuzi 27 au 28, na kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kila siku, kwani mvinyo hutanuka na kusinyaa, kizibo kikalegea, na hewa ikaingia.

Mwenye uwezo wa kununua friji maalumu ya mvinyo aiweke mbali na ukuta unaopigwa na jua, na asiifungue ovyo umeme unapokatika, kwa maana chupa zilizojaa hutunza ubaridi wake kwa saa nyingi mlango ukibaki umefungwa. Asiye nayo achague chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha la mashariki wala la magharibi, alaze chupa ndani ya katoni yake sakafuni, kwenye saruji tupu, mbali na jiko na mbali na jenereta. Katoni ifunikwe kwa blanketi kuukuu. Hapo Barolo itavumilia miezi kadhaa, lakini isiwekwe humo kwa kutarajia ikomae miaka kumi. Friji ya kawaida ya chakula ni baridi mno na kavu. Wiki mbili au tatu si neno, ila miezi mingi hukausha kizibo.

Chupa zangu za kuweka muda mrefu nimezipeleka ukweni, Bushenyi, magharibi mwa Uganda, ambako usiku hulalwa na blanketi nzito hata mwezi wa Januari. Zimelala kwenye stoo ya nyuma yenye kuta nene za udongo, chini ya rafu ya mtama. Kipimajoto nilichokitundika humo mwaka mzima kilicheza kati ya nyuzi 17 na 20 bila kuruka. Si ghala la Langhe, lakini kwa Uganda ni hazina, na mwenye ndugu Kabale, Kisoro au Kapchorwa anaweza kufanya vizuri zaidi.

Siku ya kuifungua

Isimamishe chupa wima siku moja kabla. Ikiwa na zaidi ya miaka 10, siku mbili. Nebbiolo huacha mashapo, na yakivurugwa hutia uchungu na ukakasi kwenye glasi.

Siku yenyewe, izibue asubuhi. Tumia kizibuo chenye parafujo ndefu, kiingize katikati, uvute bila kutikisa. Mimina kidogo kama robo ya glasi, uionje, na uiache chupa wazi mezani mahali penye ubaridi. Hii ndiyo desturi ya nyumba nyingi za Langhe, na kuondoa kiasi hicho kidogo hushusha mvinyo hadi chini ya shingo, uso wake ukapanuka na kukutana na hewa zaidi. Kwa chupa changa, ya chini ya miaka 8, hilo halitoshi: saa tatu au nne kabla ya kula, imimine yote ndani ya jagi pana la kioo lisilo na harufu ya sabuni wala ya sharubati. Kwa chupa ya zamani fanya kinyume chake. Usiipigishe hewa muda mrefu, kwani harufu ya mvinyo mzee ni kama ya ua lililochumwa. Imimine taratibu sana muda mfupi kabla ya kuketi, ukiwa umewasha mshumaa nyuma ya shingo, na uache kumimina mara uonapo wingu la mashapo linakaribia mdomo wa chupa.

Joto la kunywea ni nyuzi 16 hadi 18. Kauli ya kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba ilitungwa na watu wenye vyumba vya baridi, na chumba cha Kampala cha nyuzi 26 huifanya Barolo inuke spiriti. Njia ninayoipenda ni ya mtungi. Mtungi wa udongo ambao haukupakwa rangi, ukijazwa maji na kuwekwa kivulini penye upepo, hutoa jasho kwenye ngozi yake ya nje, na jasho hilo likikauka huvuta joto kutoka ndani. Mtu akiugusa mchana huhisi baridi kwenye viganja ilhali kuta za nyumba zina joto. Zamisha chupa humo hadi mabegani kwa saa moja. Asiye na mtungi atumie ndoo ya maji yenye vipande vichache vya barafu kwa dakika 15, kisha apime kwa mkono: chupa iwe baridi kama jiwe la kivulini, isiwe baridi kama soda.

Glasi iwe pana tumboni na ifinye mdomoni, nawe ujaze theluthi moja tu.

Chakula

Tanini za Barolo hutafuta protini na mafuta za kushikamana nazo, na zikikosa hushika ulimi wako. Ndiyo maana watu wa Langhe huinywa pamoja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, tambi nyembamba za mayai ziitwazo tajarin, jibini lililokomaa, na uyoga mweupe wa chini ya ardhi unaochimbwa karibu na Alba majira ya vuli. Sisi tuna vya kutosha vya kujibu hayo yote.

Chaguo langu la kwanza ni luwombo ya nyama ya ng'ombe. Nyama ya ng'ombe wa Ankole, kipande cha bega au cha mguu chenye mafuta, ichomwe kidogo kwenye moshi, ifungwe ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni pamoja na kitunguu, chumvi na uyoga mdogo wa kichuguu ambao Baganda huuita obutiko obubaala, kisha iive kwa mvuke kwa saa tatu kwenye jiko la makaa, au sigiri kama tunavyoliita hapa. Uyoga huo una harufu ya udongo uliolowa mvua, na unapokutana na Barolo ya miaka kumi, harufu mbili hizo hutambuana. Mchuzi wa karanga unafaa ukiwa mwepesi. Ukiwa mzito huufunika mvinyo. Nyama choma yenye chumvi tupu inafaa sana. Pilipili iwekwe kando, kwa kuwa huwasha pombe kinywani, na samaki, awe sato au sangara, asiletwe mezani pamoja na mvinyo huu, maana tanini humpa ladha ya chuma.

Mwaka juzi nilifungua chupa moja ukweni saa tano asubuhi, nikampa baba mkwe kionjo kwa heshima, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Alikunywa, akanyamaza, akasugua ulimi juu ya kaakaa.

"Mwanangu," akasema, "hii ni chai iliyosahauliwa motoni."

"Naomba usubiri hadi nyama iive, Baba."

Saa tisa alasiri jani lilifunguliwa, mvuke ukapanda, nikammiminia tena kutoka kwenye chupa ile ile. Alikula kipande chenye mafuta, akanywa, akaitazama glasi kwenye mwanga wa mlangoni, ambako ukingo wa mvinyo ulikuwa umegeuka rangi ya matofali.

"Sasa imekubali," akasema, akasogeza glasi karibu nami nimwongezee.

Kikibaki kiasi, rudisha kizibo na uiweke chupa ndani ya friji ya kawaida. Barolo changa mara nyingi huwa tamu zaidi siku ya pili, na hata siku ya tatu bado hunyweka, ila uitoe nusu saa kabla. Mashapo yaliyobaki chini usiyamwage: yaongeze kwenye sufuria ya nyama ya kesho, pamoja na kile kionjo cha mwisho ambacho hakikupata mwenyewe.